Maneno ya Chini ya Mstari

Ndugu zangu wawili mnaoipokea kalamu, salamu nyingi. Jumapili iliyopita niliacha rasmi kazi ya kuandika Barua ya Mwezi. Najua mnacheka, maana mstaafu tunayemjua sote ni yule askari mzee wa boma mwenye ndevu nyeupe, na mimi ndevu zangu bado ni chache, ningeweza kuzipa majina moja moja. Lakini miguu yangu imezeeka kabla yangu. Mtaelewa nikifika huko mbele.

Vyeo sitavieleza, kwa sababu kilikuwa kimoja tu na nilijipa mwenyewe. Malipo nayo nayaruka. Yalikuja kwa umbo la ndizi, na mara moja kwa umbo la jogoo aliyenichukia. Nitasema ya kazi yenyewe, maana mtaanza mwezi huu na sitaki mjikwae pale nilipojikwaa mimi.

Kazi hii haikupangwa na mtu. Dada yangu Ndeshi aliolewa Ngaramtoni, kwa Waarusha, nami nikabaki nyumbani huku juu kwenye migomba ya Meru, nina miaka mitatu ya shule ya misheni na sina wa kumwonyesha. Nikamwandikia barua. Nilimweleza jinsi nilivyokwenda kufungua mfereji wa maji siku ya zamu yetu, nikiwa na kuku kwapani wa kumpelekea shangazi, nikateleza, tukatumbukia sote wawili. Kuku alitoka kwanza. Akasimama ukingoni, akajikung'uta, akanitazama kama mwenye shamba anavyomtazama kibarua mvivu.

Ndeshi hajui kusoma. Barua akampelekea Lomayani, kijana wa Kiarusha aliyewahi kuwa mpagazi katika safari za Wadachi wenye boma, mrefu kama nguzo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo. Lomayani aliisoma sokoni Ngaramtoni, siku ya Alhamisi, watu wamejaa. Alisoma mstari mmoja kwa Kiswahili, kisha akaugeuza Kimaa na kuutia chumvi. Nasikia watu waliacha kununua. Wiki iliyofuata Ndeshi akanitumia ujumbe kwa mdomo wa muuza maziwa: "Watu wa magadi wanauliza, yule kuku hali yake?"

Basi nikaandika hali ya kuku. Mwezi uliofuata nikaandika jinsi nilivyojaribu kumnyoa baba. Baadaye watu wa Moshono wakasikia, nao wakataka yao. Huko msomaji alikuwa Eliakimu, mwinjilisti mpole anayesoma polepole sana, mpaka wasikilizaji wanamalizia sentensi kabla yake. Kijiji cha tatu, Sakina, hakikuwa na msomaji, kwa hiyo nilikwenda kusoma mwenyewe, na nakala ya Sakina ndiyo iliyokuwa na mwandiko mbaya kuliko zote, kwa kuwa niliiandika mwisho.

Siku yangu ya kwanza ya kuandika nakala tatu nilikaa kwenye kigoda cha mama tangu asubuhi hadi kuku walipoingia bandani. Wino nilinunua wa unga, dukani kwa Mhindi karibu na boma. Sikilizeni vizuri hapa: maji kidogo tu. Mimi nilitia maji kama napika uji, na nakala ya Moshono ikawa hafifu hivi kwamba Eliakimu aliisoma nje juani, ameinua karatasi juu ya kichwa, mpaka shingo ikamkaza. Kalamu ya chuma msimwazime mtu. Ncha yangu ilivunjwa na mjomba aliyetaka kutoa mwiba kwenye kisigino, nikaandika miezi miwili kwa unyoya wa bata. Bata yule hadi leo akiniona anabadilisha njia.

Kwa ajili ya mvua, barua inasafiri ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa jani kavu la mgomba. Ubaya wake ni kwamba karatasi ikitoka humo inajikunja kama jongoo aliyeguswa. Msomaji anahitaji mawe mawili, moja juu, moja chini. Shikeni neno hili la kujikunja, litarudi.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Yoeli, wa shule ile ile ya misheni. Kila mwezi nilimpelekea barua kabla haijatoka. Alikuwa anaisoma bila kucheka hata kidogo, kisha anakwenda nyuma ya nyumba, nasikia anacheka huko, kisha anarudi na uso wa kanisani.

"Anaeli," aliniambia mara ya kwanza, "andika yaliyokupata wewe mwenyewe. Hakuna atakayekukamata kwa kutumbukia mferejini."

Nililishika neno hilo zaidi ya mwaka mzima, na sikukamatwa.

Kisha boma likatoa amri ya barabara. Watu wote wa Ngaramtoni, Sakina na Moshono watoke kuchimba na kupanga mawe, kila Alhamisi. Kwa nini Alhamisi, hatukuambiwa. Nadhani bwana mkubwa wa boma aliitazama wiki ikiwa imetandazwa mezani pake, akaona Alhamisi imekaa tu haina kazi. Hakujua ndiyo siku ya soko. Sasa wanaume wako barabarani na majembe, wafugaji wanapanda na maziwa na magadi hawamkuti mnunuzi, wanawake wanashuka na ndizi hawamkuti muuza maziwa.

Ndeshi alikuja nyumbani na mikungu miwili ya ndizi aliyorudi nayo sokoni imeiva mno, akaitua mbele yangu.

"Kaka, umeandika kuku ameanguka. Umeandika wembe umemkata baba. Soko letu likifa, hilo halikuumi?"

"Linaniuma, dada. Ila hilo ni la boma."

"Na kuku alikuwa wa nani? Wa boma?"

 Nilikula ndizi nne zilizoiva mno, ili nionekane nafanya jambo, kisha nikakaa nikaandika. Juu niliandika habari yangu ya mwezi, ya mzinga wa nyuki. Chini yake nikapiga mstari kwa rula, na chini ya mstari nikaanza sehemu mpya, nikaiita Ya Boma. Niliisifu barabara mara tano. Nikamsifu bwana mkubwa mara mbili, na koleo zake mara moja. Mwishoni nikasema: Mimi naona kazi ihamishwe siku nyingine.

Mwalimu Yoeli aliposoma hakwenda nyuma ya nyumba.

"Sehemu ya nyuki ni nzuri," alisema.

"Na ya chini?"

"Ya chini, kama huwezi kuacha, basi iandike kwa herufi ndogo."

Niliziandika ndogo. Nikaziba mianzi mitatu, nikatuma miwili, wa Sakina nikauweka niubebe mwenyewe, na usingizi niliupata vizuri kabisa, ninyi mnanijua. Nilikuwa naota bwana mkubwa anasoma barua, anafuta chozi, anasema, huyu kijana yuko wapi?

Sasa hapa ndipo pa kujikwaa. Sisi tulioonja shule tunadhani neno likiandikwa limekwisha. Kwa wazee wa Ngaramtoni neno la mambo ya watu wote halisemwi hivyo. Husemwa barazani, na anayesema husimama, hushika fimbo, husema ni wa rika gani, na akiulizwa hujibu. Swali lisilojibiwa haliachwi hapo, baraza halivunjiki. Na neno lililokwisha kujibiwa bila mpinzani limekuwa uamuzi. Hakuna anayelipeleka kwingine kuombewa ruhusa.

Lomayani alisoma ya nyuki, watu wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Akaingia chini ya mstari. Mzee Saruni, msemaji wa rika lake, aliyekuwa amekaa kati ya magunia ya magadi akinusa tumbaku, akainua fimbo.

"Simama hapo. Haya ya nyuki ni ya kucheka. Hayo ni ya baraza. Nani anasema?"

"Anaeli, mzee. Wa kule juu Meru."

"Yuko wapi?"

Lomayani akaonyesha karatasi. "Yuko humu."

Mzee Saruni akaitazama karatasi muda mrefu. "Basi ashike fimbo."

Wakaiweka fimbo juu ya karatasi. Na karatasi, kwa tabia ile niliyowaambia, ikajikunja, ikaizunguka fimbo, ikaikamata barabara. Watu wote wakaona. Mzee Saruni akatikisa kichwa, ameridhika.

"Amekubali. Sasa aseme. Siku nyingine, siku gani?"

Mimi siku sikuitaja! Lomayani akapindua karatasi, akatazama nyuma, hakuna kitu. Wazee wanasubiri.  Akanijibia: "Jumanne."

Hakuna aliyepinga. Ikawa Jumanne.

Moshono wakauliza lile lile. Eliakimu, ambaye hawezi kusema uongo lakini pia hawezi kumwacha mtu mzima akisubiri, alifumba macho akasema anahisi mwandishi angependelea Jumamosi, ili watu wapumzike kesho yake kanisani. Ikawa Jumamosi. Na Sakina, nilikokuwapo mwenyewe, mwenye barua, mwenye akili yangu yote, mama mmoja aliniuliza siku gani, nikamjibu kwa furaha: "Siku yoyote itakayokufaa, mama!"

Alhamisi iliyofuata, msimamizi wa kazi, Mnyapara Baruti, alisimama barabarani na koleo sitini na filimbi yake. Alipuliza filimbi. Hakuna mtu. Akapuliza tena, akaja mbwa. Jumanne, Baruti yuko kwake anakula, akasikia nyimbo: Ngaramtoni nzima iko barabarani inadai koleo. Jumamosi wakaja wa Moshono, wameomba dua, wanapanga mawe. Na watu wa Sakina walikuja mmoja mmoja wiki nzima, kila mtu siku iliyomfaa.

Boma likauliza swali moja tu: nani amehamisha siku? Askari wakaenda sokoni, wakauliza, nani alishika ile karatasi? Watu wakasema ukweli, maana hawakuona kosa lolote. Wakamkamata Lomayani.

Ndeshi alikuja mbio, kanga imefungwa vibaya, hana pumzi. "Wamemfunga. Kesho ni siku ya shauri. Wanasema ni hamsa ishirini."

Ninyi ni wadogo lakini hamsa ishirini mnaijua: viboko ishirini na tano, mbele ya watu. Niliwahi kumwona mtu aliyetoka kupigwa, pale nyuma ya boma. Alikuwa anatembea kama aliyebeba mtungi wa maji mgongoni na hataki umwagike. Nikaufikiria mgongo wa Lomayani, ule mrefu, una nafasi nyingi mno. Na yeye hakuandika hata herufi moja. Nililia kidogo, siwafichi, kisha nikaenda kwa Mwalimu Yoeli.

"Ulikuwa unaandika vizuri sana juu ya kuku," alisema. Kisha akavaa viatu vyake vya Jumapili, akanisindikiza mpaka njia panda. Pale aliniwekea mkono begani, akarudi.

Asubuhi karibu na boma niliwakuta wazee wa Ngaramtoni wanatembea kwa mpangilio wa marika, taratibu, kama watu wanaokwenda kuangalia ng'ombe wa mtu. Niliinamisha kichwa mbele ya Mzee Saruni, akaniwekea kiganja utosini kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Mimi ndiye Anaeli, mzee. Wa karatasi."

Akanitazama kutoka juu hadi chini, safari fupi. "Nilidhani ni mrefu," akawaambia wenzake, tukaendelea.

Bwana mkubwa alikuwa amekaa barazani nyuma ya meza. Lomayani yupo chini, mikono imefungwa. Nikasogea kabla sijapata muda wa kuogopa vizuri, nikasema, "Bwana mkubwa, maneno ni yangu. Huyu alisoma tu." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya yule jogoo. Mkalimani akageuza. Bwana mkubwa akaitikia kwa kichwa, akanyoosha kidole kwangu badala ya Lomayani, na askari mmoja akaanza kukunja mikono ya shati. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Ndipo Mzee Saruni akapiga fimbo chini, akasema kwa Kimaa. Mkalimani akabaki kinywa wazi. Alikuwa mtu wa pwani. Kidachi anakijua, Kiswahili anakijua, Kimaa hata salamu hana. Wakatafuta mtu. Pale bomani, asubuhi ile, mtu aliyejua Kimaa na Kiswahili sawasawa, na aliyekuwa tayari, alikuwa mmoja tu. Wakamfungua Lomayani ili atafsiri shauri lake mwenyewe.

"Mzee anasema," Lomayani akaanza, anajisugua mikono, "maneno yalikuwa ya huyu mfupi mpaka fimbo ilipoyagusa. Baada ya hapo ni ya baraza zima. Ukitaka kupiga, upige baraza zima. Lakini kwanza baraza liseme, kila mtu kwa zamu yake, aliye mkubwa kwanza." Akaongeza kwa sauti ya chini: "Wako arobaini na wawili, bwana."

Hiyo ya mwisho ilikuwa chumvi yake.

Bwana mkubwa alikubali. Sidhani alijua anakubali nini. Mzee wa kwanza alianza na ng'ombe wa babu yake. Kimaa, Kiswahili, Kidachi. Kila neno linapanda ngazi tatu na swali linashuka ngazi tatu. Mzee wa pili alimsifu wa kwanza, akarudia ng'ombe. Mpaka jua linafika utosini walikuwa wamesema wanne, na bwana mkubwa ameshabadilisha mguu wa kukunja mara kumi na moja. Askari alishusha mikono ya shati.

Akaitwa Baruti aeleze uharibifu.

"Alhamisi, bwana, nilikuwa peke yangu na mbwa."

"Kwa hiyo barabara imechelewa?"

Baruti alisimama wima. Ni mtu mkali, lakini hadanganyi. "Hapana, bwana. Imetangulia. Jumanne walikuja kabla sijamaliza uji. Jumamosi mawe yamepangwa. Na hawa wa Sakina wanadondoka kila siku kama rasharasha. Tumeshaipita alama uliyoweka. Nilikuwa nakuja kukuuliza tuelekee wapi."

 Bwana mkubwa akamuuliza mkalimani, mkalimani akamuuliza Lomayani, Lomayani akamuuliza Mzee Saruni: wamebaki wangapi kusema?

"Thelathini na wanane," Lomayani akajibu kwa huzuni. "Na hao wanne, bwana, ndio wa maneno mafupi."

Bwana mkubwa akainuka, akasema kazi ya barabara itakuwa Jumanne, kwa wote, shauri limekwisha, akaingia ndani akafunga mlango. Wazee hawakuondoka. Baraza halivunjiki kabla watu hawajasema. Waliusemesha mlango, mmoja mmoja, kwa heshima zote, mpaka jua likaelemea magharibi.

Njiani kurudi Mzee Saruni alinitoza kibuyu cha asali kwa kusema barazani bila kusimama. Kisha akatoa sheria ambayo imenistaafisha: "Ya kuku yaje peke yake, tutacheka. Lakini ya chini ya mstari yaje na mwenyewe."

Tangu siku hiyo sikutuma tena mianzi. Kila mwezi nimekwenda kwa miguu Moshono, Sakina, Ngaramtoni, nimeshika fimbo, nimesema, nimeulizwa. Mara nyingine nilishindwa vibaya. Mwezi wa mzozo wa maji, nilipoandika kwamba zamu za mfereji zipangwe upya, mama mmoja wa Moshono aliniuliza kama nimewahi kufungua mfereji bila kutumbukia, na ikabidi mwezi uliofuata niandike chini ya mstari: Nilikosea. Mwingine alitaka Ya Boma imkemee mkwewe. Lakini angalieni: tangu hapo hakuna msomaji hata mmoja aliyefungwa kwa maneno yangu. Lomayani anasimama pembeni, anatia chumvi, na mgongo wake uko salama na mrefu vile vile. Yaliyo juu ya mstari ni yale yaliyoniangukia mimi. Yaliyo chini yanaweza kumwangukia mwingine, kwa hiyo nendeni nayo wenyewe, hata mvua ikinyesha, hata kama kisigino kinauma.

Mimi nimeoa mwaka huu. Mke wangu ameniuliza kahawa itapaliliwa na nani wakati mimi niko Sakina, nalo ni swali la baraza, lilihitaji jibu. Kwa hiyo nawaachia kalamu, unga wa wino, mawe mawili, na fimbo ambayo Mzee Saruni alinipa aliposikia ninaacha. Doa jeusi karibu na kishikio ni la wino wangu, msilisugue.

Alhamisi yenu ya kwanza mtanikuta Ngaramtoni, nimekaa mbele kabisa kati ya magunia ya magadi, Ndeshi upande huu na mkungu wake, Mzee Saruni upande ule na tumbaku yake. Ya juu nitacheka kuliko wote. Mkifika kwenye mstari nitainua mkono, maana swali ninalo tayari. Msiniambie jibu liko kwenye karatasi.